Umeumia Goti Kazini? Anza na Karatasi

Mkono ukikatwa na mashine, kiwanda kizima kinajua. Damu inaonekana, msimamizi anakuja mbio, gari la kwenda hospitali linatafutwa. Goti haliko hivyo. Utingo anaruka kutoka juu ya lori, anasikia kitu kimeachia ndani ya goti, anajikaza na kumaliza kushusha mzigo. Usiku goti limevimba. Kesho yake anachechemea, wiki ya pili anaanza kukosa kazini, na mwezi wa tatu daktari anamwambia kuna kitu kimechanika na huenda akahitaji upasuaji. Hapo ndipo anapokumbuka fidia. Na hapo ndipo mwajiri anapouliza: uliumia lini? Nani aliona? Mbona siku ile hukusema?

Dai la goti hufia kwenye maswali hayo matatu. Halifi kwa sababu mtu hakuumia, wala kwa sababu sheria haimlindi. Linakufa kwa kukosa maandishi ya siku ile ile. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa hasa kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara, una neno moja ambalo nitalirudia bila kuona haya: andika, na hakikisha wengine wameandika. Zanzibar ina sheria yake ya fidia, na Kenya nayo nitaigusa mbele.

Saa za kwanza

Acha kazi. Najua ni rahisi kusema kuliko kutenda, hasa kama unalipwa kwa siku na msimamizi amesimama pembeni. Lakini goti lililoumia likiendelea kubebeshwa uzito linaweza kuharibika zaidi, na kila saa unayoendelea kufanya kazi inampa mtu nafasi ya kusema hukuumia hapo.

Kaa chini, nyoosha mguu, uinue juu ya kitu. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha, kisha rudia. Bandeji ya kuvutika inasaidia, mradi isibane mpaka vidole vife ganzi. Usikubali kuchuliwa. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu ni jambo la kwanza ambalo watu wema hulikimbilia: mafuta ya moto, mtu mwenye mikono mizito, na "vumilia kidogo, linarudi". Goti lililojaa damu ndani, au lenye mfupa uliopata ufa, likichuliwa linaumizwa mara ya pili. Tena mchuaji hana faili. Ukikaa kwake wiki tatu, hizo ni wiki tatu ambazo hakuna daktari aliyeandika lolote kuhusu mguu wako.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho. Mguu ukiwa umepinda vibaya kwenye goti, au unyayo ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, nenda hospitali saa ile ile. Mshipa mkubwa wa damu unapita nyuma ya goti, na goti likichomoka mshipa huo unaweza kuumia na mguu ukapotea. Vivyo hivyo kama kuna jeraha lililo wazi juu ya kiungo, au kama siku zinazofuata goti linakuwa jekundu na la moto huku una homa. Na kama mguu umefungwa au umelala kwa siku nyingi kisha nyama ya nyuma ya ugoko ikavimba na kuuma, mweleze daktari bila kuchelewa, maana damu huweza kuganda ndani ya mshipa.

Kwa wengine, vipimo vinavyotumiwa na madaktari vinaweza kukusaidia kujua uzito wa jambo. Huwezi kutembea hatua nne? Huwezi kukunja goti mpaka nyuzi 90? Kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele, kinauma kikibonyezwa? Au kile kifundo cha mfupa kilicho upande wa nje, chini kidogo ya goti? Una miaka 55 au zaidi? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni sababu tosha ya kupigwa picha ya eksirei baada ya ajali.

Kabla hujaondoka eneo la kazi, mwambie msimamizi. Mwambie mbele ya mtu. Kisha mtumie ujumbe wa simu hata kama mmeshazungumza ana kwa ana: "Shikamoo mzee. Leo saa nne asubuhi nimeteleza kwenye ngazi za stoo nikiwa nimebeba saruji, nimeumia goti la kulia. Juma na Asha walikuwepo. Naelekea hospitali." Ujumbe kama huo una tarehe, saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, goti gani, na mashahidi. Hauna lawama wala vitisho. Usiufute. Piga pia picha ya mahali ulipoangukia, kabla mafuta yaliyomwagika hayajafutwa au ubao uliovunjika haujabadilishwa. Kazini kwenu kukiwa na daftari la ajali, omba tukio liandikwe humo na upige picha ukurasa wenyewe.

Hospitali: sema neno "kazini"

Daktari akikuuliza una shida gani, wengi hujibu "goti linauma". Jibu hilo ni la kweli, na linaweza kukugharimu. Katika faili litaandikwa maumivu ya goti, basi, sawa na la mzee aliyekuja na goti la uzee. Sema hivi: "Niliumia kazini, tarehe fulani, nilipokuwa nafanya kitu fulani." Omba iandikwe hivyo. Ukisoma karatasi yako na kukuta haimo, rudi dirishani kwa adabu uombe irekebishwe siku hiyo hiyo. Baada ya miezi miwili hakuna daktari atakayependa kuongeza sentensi kwenye faili la zamani, na atakuwa na haki.

Bima ya afya ni mtego mwingine. Una kadi yako, unaitoa, unatibiwa, unarudi nyumbani ukishukuru. Hakuna ubaya kutibiwa haraka, lakini tiba ya jeraha la kazini ni mzigo wa mfumo wa fidia, na ukipita kwenye bima kimya kimya ajali yako inaingia kwenye kumbukumbu kama ugonjwa wa kawaida. Ukilazimika kutumia kadi au fedha zako, tunza kila risiti na bado sema kuwa ni jeraha la kazini. Kama uliumia barabarani ukiwa katika shughuli za mwajiri, pitia polisi ili upate fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na ufuatilie ripoti ya polisi ya ajali yenyewe. Itahitajika.

Sasa kuhusu vipimo, maana hapa watu wengi hukatishwa tamaa. Goti ni pale mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa ugoko. Ligamenti nne kubwa zinashika mifupa hiyo isiyumbe, na kati yake kuna gegedu mbili zilizopinda kama mwezi mwandamo ambazo hupokea mshindo. Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi ligamenti iliyokatika wala gegedu iliyochanika. Kwa hiyo ukiambiwa "picha iko safi", maana yake ni kwamba mfupa haukuvunjika, na hapo hapo mwajiri anaweza kuikamata kauli hiyo na kusema huna kitu. Usikubali. Mweleze daktari kile goti linachofanya. Lilivimba ndani ya saa chache baada ya kusikia mlio? Hiyo huashiria damu ndani ya kiungo, na ligamenti ya mbele iliyokatika ni mojawapo ya sababu zake kubwa. Lilivimba taratibu hadi kesho yake, na sasa linakwama, halinyooki mpaka ulitikise? Hiyo ni lugha ya gegedu iliyochanika. Linaachia ghafla unaposhuka ngazi au kugeuka? Ligamenti tena. Maelezo hayo, pamoja na mikono ya daktari anayejua kulipima goti, ndiyo yanayofungua mlango wa kipimo cha MRI, ambacho huona yale ambayo eksirei haiyaoni.

Omba rufaa kwa mtaalamu wa mifupa kama goti halipati nafuu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, iko Dar es Salaam. Hospitali ya KCMC iko Moshi na ya Bugando iko Mwanza. Upasuaji wa kisasa wa goti mara nyingi hufanyika kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua kiungo chote. Na baada ya upasuaji, au hata bila upasuaji, mazoezi tiba ndiyo yanayorudisha nguvu ya msuli wa paja. Usiyakimbie mahudhurio hayo hata yakichosha. Yanakuponya, na kila hudhurio linaacha alama kwenye faili kwamba tatizo lingali lipo na kwamba wewe unafanya wajibu wako.

Nani anayelipa, na kwa nini si hisani

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 1, 2015. Mfuko huo unahusu sekta ya umma na sekta binafsi. Watu huuchanganya na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ni vitu viwili. Michango yote ya WCF hutolewa na mwajiri peke yake, kwa sasa nusu asilimia ya mishahara anayolipa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6, na mwaka 2022 ikafika 0.5. Hairuhusiwi kukatwa hata senti kwenye mshahara wako kwa ajili hiyo. Ukiona makato ya WCF kwenye hati ya mshahara, uliza.

Elewa hilo vizuri, kwa sababu ndilo linaloondoa woga. Unapodai, huombi mfuko wa bosi wako ufunguke. Yeye ameshachangia, au alipaswa kuwa ameshachangia, ili siku kama hii ikija mzigo uchukuliwe na Mfuko. Mara nyingi mwajiri mwenyewe hajui hivyo na ndiyo maana anakuwa mkali. Mwambie kwa upole: kutoa taarifa kunampunguzia gharama.

Jambo la pili la kuondoa woga: mfumo huu hautafuti mkosa. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kuteleza kwako kwa kutokuwa makini hakukuondolei haki. Swali ni kama jeraha lilitokana na kazi na lilitokea ukiwa kazini. Ulevi na ukaidi wa makusudi ni jambo lingine. Hayo yanaweza kukukosesha malipo.

Na vibarua? Wengi hudhani fidia ni ya wenye mkataba wa kuandikwa. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, na malipo ya kutwa ni mshahara. Shida ya kibarua ni ushahidi tu. Kwa hiyo jijengee ushahidi kabla hujaumia: ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, miamala ya malipo, picha zako ukiwa eneo la kazi, jina lako kwenye daftari la mahudhurio. Ukiwa kwenye ujenzi, piga picha bango la mradi lililopo getini, lenye jina la mkandarasi mkuu. Fundi aliyekuita anaweza kuzima simu; bango halizimi.

Utaratibu wa dai

Wewe unamtaarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipopata habari za ajali. Dai lenyewe lisipite miezi 12 tangu siku ya ajali. Usiuchukulie mwaka huo kama nafasi ya kupumua. Goti linaloanza na maumivu madogo na kuishia kwenye upasuaji linaweza kuumaliza wote bila wewe kutambua, hasa kama umepoteza miezi minne ya kwanza kwa dawa za maumivu za duka la mtaani.

Utahitaji fomu ya taarifa ya ajali iliyojazwa na mwajiri, taarifa za daktari, kitambulisho, mkataba au uthibitisho wowote wa ajira, hati za mshahara na akaunti ya benki. Omba kuona fomu kabla haijatumwa. Tazama vitu vinne: tarehe ya ajali, goti la kulia au la kushoto, maelezo ya jinsi ilivyotokea, na kiwango cha mshahara. Hicho cha mwisho kina uzito mkubwa, kwa sababu malipo yako yatakokotolewa kutoka hapo. Mwajiri aliyezoea kuandika mishahara midogo ili achangie kidogo ataandika mdogo hapo pia, na utakayeumia ni wewe. Maelezo ya ajali nayo yafanane na yale uliyompa daktari. Kama kwa daktari ulisema uliteleza ngazini na fomu inasema ulianguka uani, mtu atakayelipitia dai ana sababu ya kusita.

Siku 7 zikipita na mwajiri hajafanya kitu, nenda mwenyewe ofisi ya WCF iliyo karibu, ukiwa na karatasi zako. Kama mwajiri hajajisajili kabisa, sema hivyo hivyo. Kutojisajili ni kosa lake kisheria na halikufanyi wewe uwe mkosaji. Chama cha wafanyakazi kikiwepo, kitumie. Jihadhari na vishoka wanaojitolea "kusukuma" dai kwa fungu la malipo. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe. Na usisaini karatasi yoyote inayosema umepokea kiasi fulani na huna madai tena. Shilingi laki mbili wiki ya kwanza ni tamu, lakini wiki ya kwanza hakuna anayejua goti hilo litaishia wapi.

Magoti yaliyochakaa polepole

Si kila goti lina siku yake ya ajali. Fundi vigae anapiga magoti kutwa kwenye saruji. Mchimbaji anachuchumaa kwenye shimo lisilomruhusu kusimama. Kuna wanaosugua sakafu, wanaotandika zulia, wanaochomelea karibu na ardhi. Baada ya miaka, mbele ya kilegesambwa kunavimba kifuko chenye maji, au gegedu inachanika bila anguko lolote. Watu husema "goti limejaa maji", wanakwenda kunyonywa, wanarudi kupiga magoti vilevile.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, limeyataja haya waziwazi: uvimbe wa kifuko cha mbele ya kilegesambwa kwa kupiga magoti muda mrefu, na majeraha ya gegedu za goti kwa kazi ya muda mrefu ya kupiga magoti au kuchuchumaa. Nayo sheria ya Tanzania hufidia magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Kwa hiyo fundi vigae mwenye goti hilo asiambiwe kwamba ni umri.

Hata hivyo dai la aina hii ni gumu kuliko la ajali, na inafaa ulijue hilo mapema ili ujiandae. Daktari anahitaji historia ya kazi yako: umefanya nini, miaka mingapi, saa ngapi kwa siku ukiwa umepiga magoti, kwa mwajiri yupi. Iandike nyumbani kwa utulivu uende nayo. Hapa upimaji wa afya chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 unakuwa na faida ambayo wengi hawaioni. Sheria hiyo, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, inataka mfanyakazi apimwe anapoanza kazi, apimwe tena kwa vipindi, na apimwe anapoondoka. Kama uliingia na magoti mazima na karatasi inasema hivyo, ni vigumu mtu kudai ulikuja nayo yakiwa mabovu. Siku ya kupimwa ukiulizwa kuhusu maumivu, usijifanye mzima kwa kuogopa kazi. Ukweli ulioandikwa mapema ndio utakaokubeba.

Malipo yakoje

Kwanza ni matibabu. Kisha, ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, kuna malipo ya ulemavu wa muda: asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Anayepata shilingi 600,000 atapokea 420,000. Hayo hutegemea daktari anayeandika kwamba bado huwezi kazi, kwa hiyo usiache mapumziko ya daktari yakatike katikati bila karatasi mpya.

Goti likishafika mahali ambapo tiba haitegemewi kuongeza nafuu kubwa, hupimwa kama limebaki na ulemavu wa kudumu, na ulemavu huo hupewa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Jeraha la goti moja mara nyingi huangukia upande wa mkupuo, na ndiyo maana upimaji huo ni siku kubwa kwako. Usiharakishe kupimwa wakati bado unatembea na magongo na upasuaji haujafanyika. Na siku ya kupimwa usijikaze kiume. Kama goti halikunjiki kufika pale, lisilazimishwe likafika ili daktari akuone jasiri. Sema pia yale ambayo hayaonekani kitandani: huwezi kupanda ngazi na mzigo, huwezi kupiga magoti kwa ajili ya kazi wala kwa ajili ya sala. Usiongeze chumvi vilevile. Mpimaji mzoefu hutambua, na akishaona umeongeza kimoja atashuku na vingine.

Sheria inatambua pia huduma za utengamao, za kukurudisha katika uwezo wa kufanya kazi. Ziulizie. Fundi vigae ambaye hawezi tena kupiga magoti anahitaji njia ya kula kesho zaidi hata ya hundi ya leo.

Dai likikataliwa, au asilimia ikikushangaza, omba uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Kuna njia ya kuupinga, kupitia kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Muda wa rufaa huhesabiwa, kwa hiyo siku unayopokea barua andika tarehe juu yake, uliza papo hapo una siku ngapi, na utafute msaada wa kisheria wiki hiyo. Pingamizi zuri huja na kitu kipya: ripoti ya MRI ambayo haikuwapo, maelezo ya mtaalamu wa mifupa, shahidi ambaye hakusikilizwa.

Ukiwa Kenya

Mpango ni tofauti kidogo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, humtaka mwajiri akate bima, badala ya kuchangia mfuko mmoja wa taifa. Mwajiri hutakiwa kumpa taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, au saa 24 kama kuna kifo. Dai nalo lisipite miezi 12. Malipo ya ulemavu wa muda hufika miezi 12. Kwa ulemavu wa kudumu, huchukuliwa mapato ya miezi 96 na kuzidishwa kwa asilimia ya ulemavu: mwenye mshahara wa shilingi 30,000 na goti lililopewa asilimia 10 hupata 288,000. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuweka pingamizi. Mengine yote niliyosema juu, kuhusu ujumbe wa simu, faili la hospitali na mashahidi, yanafanya kazi vilevile Mombasa kama yanavyofanya Tanga.

Kazi yako ikiwa hatarini

Hofu kubwa ya aliyeumia goti mara nyingi ni kibarua chake kuliko goti lenyewe. Tazama basi mambo haya, kwa Tanzania Bara. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo ni likizo ya ugonjwa wa kawaida. Jeraha la kazini lina mfumo wake wa malipo, na mwajiri asikumalizie siku zako za ugonjwa kimya kimya huku hajatoa taarifa ya ajali popote. Ukiona zinahesabiwa, andika barua ya kuuliza.

Ukiruhusiwa kurudi, omba daktari aandike vizuizi kwa maneno yanayoeleweka: asibebe zaidi ya kilo kadhaa, asipige magoti, asipande ngazi ndefu, apumzike kukaa kila baada ya muda fulani. "Kazi nyepesi" peke yake ni neno ambalo kila msimamizi atalitafsiri apendavyo. Peleka nakala ofisini, usainiwe kwamba imepokelewa. Ukipewa kazi inayovunja vizuizi hivyo, mkumbushe msimamizi karatasi hiyo ya daktari kwa ujumbe wa simu kabla ya kuifanya. Na kama kazi yenu ni ya kupiga magoti, dai pedi za magoti na zamu za kubadilishana. Ni vifaa vya kinga sawa na kofia ngumu.

Mwajiri hawezi kukuondoa tu kwa kuwa sasa unachechemea. Kusitisha ajira kwa sababu ya ulemavu au afya kuna utaratibu wake: kukusikiliza, kuangalia ripoti za daktari, kutafuta kama ipo kazi nyingine unayoweza. Akikuondoa bila hayo, mlango wa kubisha ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa kufika huko ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Usingoje dai la fidia liishe ndipo uende. Ni njia mbili, kila moja ina saa yake, na ile ya CMA ndiyo inayokwenda haraka zaidi.